Gateway moja, wapangaji wawili: simu za ndoa zilivyoingia kwa wauza vifaranga Masoro

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili nimekaa nalo muda, leo nalimwaga lote. Atakayeona ni chai aiache mezani, ila mimi nilikuwepo.

Mimi ni fundi wa simu za mtandao hapa Kigali. Nimekulia Tanzania, nikarudi nyumbani kutafuta maisha.

Kuna jengo Masoro lina ofisi mbili zinazotumia gateway moja ya VoIP, yaani kifaa kimoja cha kupitisha simu za mtandao. Chini wanauza vifaranga, simu anapokea Espérance, dada aliyekulia Bujumbura. Juu ni ofisi ya ushauri wa ndoa ya mzee Faustin, mtu mpole kupita kiasi.

Kwa wasiojua: kifaa kimoja kikihudumia wateja wawili, kila mmoja unamtengea SRD yake, yaani signaling routing domain. Ichukulie kama ukuta, simu za huyu zisivuke kwa yule.

Fundi aliyenitangulia aliwaacha wote ndani ya SRD moja, ile ya default. Laini ya huyu ikiwa bize, simu inarukia kwa jirani.

Na wote wawili wakipokea wanasema tu, "Karibu, tukusaidie?" Jina la ofisi hakuna anayetaja.

Sasa sikieni.

Siku moja Faustin akapokea mwanaume analalamika kwamba ameletewa wa kiume watupu, yeye alitaka wa kike. Mzee akamsihi awapokee, ni zawadi ya Mungu. Jamaa akajibu kwa utulivu kabisa kwamba basi Jumapili ataanza kuwachinja.

Faustin jasho likamtoka. Akabembeleza mpaka akaelekezwa nyumbani kwa jamaa, akakodi moto, yaani bodaboda, mbio mbio. Alikuta banda la majogoo.

Ndipo nikaitwa.

Call log ikanionyesha kuwa simu za ndoa nazo zilikuwa zinashuka chini. Nikamuuliza Espérance kama amewahi kupata simu ya ajabu. Akasema hapana. Akafikiri kidogo, akasema labda yule wa kifaranga kimoja.

Mwanaume alimpigia akasema amemleta nyumbani mwezi uliopita, siku za kwanza alikuwa analia, sasa hali chakula, amejikunja kwenye kona, kimya.

"Iko mmoja tu?" Espérance akauliza, maana wao wanauza kwa boksi.

"Mmoja tu, madamu. Mimi ni Mkatoliki."

Espérance hakuelewa dini imeingiaje, ila kwenye simu anakutana na watu wa kila aina. Akamuuliza anakaa na nani. Jamaa akasema wako na mama yake na dada zake.

Espérance akajua ni majina ya kuku. Kuna wateja wanawapa majina.

"Wale wakubwa wanamdonoa," akamwambia. "Mtoe pale, mtafutie mahali pake. Mpe maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Weka joto. Na usimshikeshike."

Jamaa akashukuru kwa sauti ya mtu anayetaka kulia.

Wakuu, nilishindwa kuendelea na kazi. Nilikaa chini kabisa.

Nilipotulia nikatengeneza SRD mbili, kila ofisi na SIP interface yake, IP group yake na routing yake, yaani mlango na njia zake mwenyewe. Nikajaribu kupiga huku na huku mpaka nikaridhika. Laini ikiwa bize, sasa iko bize kweli.

Nikiwa nafunga laptop, akaingia mama mmoja kijana, amevaa vizuri. Alikuwa anamtafuta mshauri wa kike aliyeongea na mume wake kwa simu. Faustin alishamwambia juu hakuna mwanamke, akaona aulize chini.

Akasema yeye na mume walikuwa wamehama kwa mama mkwe. Sasa wamepanga Kimisagara, chumba kimoja.

Espérance akamweleza ukweli wote, taratibu, huku vifaranga wakilia nyuma yake.

Yule mama akawaangalia vifaranga kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Basi usimwambie," akasema. "Siku hizi ananiuliza kama nimekula."

Akaaga, akaondoka.

Funzo kwa mafundi wenzangu: usiwaache wateja wawili kwenye default SRD. Kabla hujasaini kazi, fanya laini moja iwe bize uone simu inaelekea wapi.

Hilo la pili, la yule mume, sina funzo lake. Mimi nimekaa kimya, na Espérance pia. Nyie mngemwambia mume? Shukeni hapa chini, wenye ndoa mtangulie.