Bariamu Haizoei

Nilipohama Mbooni kwenda kukaa kwa shangazi yangu Migwani, chai ya kwanza aliyonipa nilidhani amekosea mkebe akatia chumvi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hayo ni maji ya borehole," akasema, akinionyesha kisima cha pampu nje. "Na ni matamu. Utazoea." Sikuzoea. Birika lake lilikuwa na ukoko mweupe ndani, sabuni haikutaka kutoa povu, na bado kila mtu pale aliyasifu maji yale, kwa kuwa ndiyo aliyoyanywa tangu utotoni.

Nilikuwa kidato cha nne. Madam wa kemia, mzaliwa wa hapo hapo Migwani, alitupa zoezi la maabara: chumvi tusiyoijua tuichome kidogo, iliyobaki tuiyeyushe majini, tutie matone ya dawa ya bariamu, tuandike tulichokiona. Ilipochomwa ilitoa moshi wa hudhurungi, na darasa zima likajua ni naitreti. Naitreti na bariamu hazigombani, maji hubaki maangavu, kwa hiyo wote wakaandika "hakuna mashapo". Yangu iligeuka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikaandika "mashapo meupe".

Karatasi ilirudi na kosa kubwa jekundu la X, na kando yake maneno matatu: "Testi-tyubu ilikuwa chafu." Alama ningeziacha ziende, lakini uchafu sikuukubali. Mama yangu alinifundisha kusugua sufuria kwa majivu kabla sijajua kusoma. Nilisimama nikiwa nimefura.

"Madam, mimi niliosha. Shida ni maji."

"Maji yako na nini?"

"Yako na chumvi."

Darasa likaangua kicheko, maana nilikuwa nimewatukania maji yao. Mwalimu mwingine angeniambia niketi. Huyu alininyoshea testi-tyubu. "Kuja utuonyeshe."

Maji yaliyosafishwa chumvi yote yalikuwa yameisha tangu muhula uliopita, na chupa zote za maabara zilikuwa zimejazwa bombani, maji yale yale ya borehole. Nikamimina maji hayo peke yake, bila ile chumvi ya zoezi, nikadondosha bariamu. Weupe ukatokea mbele ya wote, na kicheko kikaisha.

Kesho yake Madam alikuja na chupa ya maji ya betri, yaliyosafishwa vile vile, aliyonunua sokoni. Akayatia bariamu, yakabaki maangavu. Ndipo akageukia ubao.

"Hii haiko kwa silabasi, lakini leo mtasoma. Kila chumvi iko na kikomo chake. Chukua kiasi cha bariamu kwa maji, uzidishe na kiasi cha salfeti, ile chumvi iliyo kwa maji yetu. Jibu likipita kikomo, lazima zishikane zianguke. Na kikomo cha hizi mbili ni kidogo sana." Akaonyesha chupa ya maji ya bomba. "Ulimi wangu umezoea haya maji. Bariamu haizoei."

Akaongeza kwamba hata ile iliyoanguka haijatulia: nyingine inarudi majini huku nyingine ikianguka, kwa mwendo ule ule, ndiyo maana tunaona kama hakuna kinachotokea. Nilisahau hasira yangu. Nilitazama ule unga mweupe chini ya kioo na nikaupenda, na yule mwanamke nikampenda zaidi.

Kisha akakusanya karatasi upya. Mimi nikarudishiwa alama zangu, na wote walioandika "hakuna mashapo" wakapoteza zao. Wakanung'unika.

"Madam, lakini hiyo ndiyo jibu," mmoja akasema.

"Ndiyo jibu, lakini hukuliona. Niliwaambia muandike mlichokiona."

Akafungua mkoba akatoa karatasi yake ya majibu, ile aliyotusahihishia. Pale kwenye bariamu palikuwa na maneno yale yale: hakuna mashapo. Akaniletea mpaka kwenye dawati, pamoja na kalamu nyekundu.

"Sahihisha hii pia."

Nikatia kosa dogo pembeni, lisilosomeka vizuri.

"Kubwa," akasema, "kama lile nililokuwekea."