Mistari ya Maombi ya Rodah

Rodah alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuwa mchoyo nayo. Kwaya inayoimba huku ikichungulia karatasi, alisema, haijajiandaa kwenda mbinguni. Mchungaji anayepiga kelele kwenye kipaza sauti katika kanisa la watu arobaini anadhani Mungu anaishi Nakuru. Na chai isiyochemshwa pamoja na maziwa yake ni maji ya kunawia miguu. Maoni haya aliyatoa bure mlangoni pa kanisa, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na hata kwa watu wasiomjua waliokuwa wakipita tu kwenda zao Litein.

Shamba lake la chai lilianzia nyuma ya nyumba likateremka mpaka mtoni, mistari ishirini na miwili. Tangu mumewe alipofariki alikuwa akilichuma mwenyewe, na alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakudhani kuna Mkristo afanyaye vingine. Kila mstari ulikuwa na mtu wake. Wa kwanza, ulio karibu na banda la kuku, ulikuwa wa mchungaji, ili Bwana ampunguzie sauti. Wa pili ulikuwa wa wagonjwa. Wa tano ulikuwa wa Weldon, mwanawe wa pekee. Kule chini kabisa, penye tope na siafu, kulikuwa na mistari mitatu ya serikali. Rodah alichuma huku akiomba, akifika mwisho wa mstari anasema amina, anageukia mwingine. Kuomba ukiwa umekunja mikono aliona ni mambo ya watu wa mjini wasio na majani.

Basi bega la kulia likaanza kuuma. Daktari akalibonyeza, akaandika dawa, akasema lipumzishwe. Jioni hiyo hiyo Weldon akapiga simu kutoka Nairobi, anakofanya kazi ya bima.

"Mama, umepumzika?"

"Si nililala jana?"

"Kulala si kupumzika. Kesho unaenda kuchuma?"

Rodah alikohoa kidogo. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Katika maoni yake yote, hilo ndilo lililokaa mbele: mtu aliyeokoka hadanganyi, hata akiwa anamfukuza mbwa.

"Kidogo tu," akasema.

Weldon alikuwa na ukaidi wa mamaye, ila wake ulikuwa umesoma. Akamwekea mapatano. Kina mama wa kanisa walikuwa wanakwenda Kisumu kwa siku tatu, kupumzika na kuomba. Yeye Weldon angemlipia. "Usiguze kazi hata moja, Mama. Ukiweza, nitajua unajua kujipimia, na sitaongea tena mambo ya hiyo shamba. Ukishindwa, kikapu naipea Mageto."

Mageto alikuwa mchumaji wa jirani, mtu mtaratibu asiye na neno na mtu. Kosa lake lilikuwa moja: alichuma huku akisikiliza mpira kwenye redio ndogo aliyoifunga shingoni, na timu yake ikifungwa, jani la tatu, lile gumu, linaingia kikapuni pamoja na mawili mazuri. Rodah aliwaza mikono ya Mageto kwenye mstari wa tano.

"Nimekubali," akasema. "Kukaa tu, nani atashindwa kukaa?"

"Na Mama Beverly ndiye ataniambia ukweli."

Mama Beverly alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini, mke wa Alfayo, aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai na asirudi. Kupumzika kwa Mama Beverly kulikuwa kipawa. Angeweza kukaa kwenye kiti tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, mikono imelala mapajani, na kuinuka akiwa na furaha tele. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, alikuwa akisema, sasa mimi ni nani nimshinde?

Siku ya safari basi la kanisa lilitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili Rodah alikuwa tayari barabarani, kofia ya Jumapili kichwani, birika la chai ya moto mkononi na kibuyu cha mursik, maziwa yake ya mgando, kifuani, maana hakuwa na imani na maziwa ya Kisumu. Hakuwa amewahi kufika upande wa ziwa. Kila aliyepita alimwambia, "Chamgei! Naenda Kisumu," na wengine aliwaambia mara mbili.

Mama Beverly alipofika aliupekua mkoba wa Rodah kama askari wa mpakani. Alitoa uzi na sindano za kufumia. Alitoa mfuko wa maharagwe ambayo hayajaambuliwa.

"Na hii, yawa?"

"Ni ya kushika tu njiani."

"Acha kwa duka ya hapo."

Baada ya Kericho barabara ilianza kuteremka na joto likaanza kupanda. Rodah aliketi dirishani akitangaza kila anachokiona, kama kwamba wenzake walikuwa wamefumba macho: miwa ile, punda yule, kanisa lile lina madirisha ya bluu, sijui nani aliwashauri. Walipofika Ahero akaona mashamba ya mpunga yamelala tambarare ndani ya maji, akashangaa sana.

"Hii wanachuma aje?"

"Haichumwi," akasema Mama Beverly. "Inangojwa iive, inavunwa mara moja."

"Na hizo wiki zingine zote?"

"Wanangoja."

Rodah aliwasikitikia watu hao mpaka Kisumu. Ziwa lenyewe alilitazama kwa muda mrefu, akakiri kuwa Bwana alifanya kazi kubwa, ila angeliweka na mteremko kidogo.

Nyumba ya wageni ilikuwa nzuri, na bustani yake ilikuwa nzuri zaidi. Tatizo lilianzia kwenye chai. Waliletewa vikombe vya maji ya moto, na kando ya kila kikombe kifuko cha karatasi chenye uzi. Rodah alikishika kwa uzi ule akakiinua juu, watu wote waone.

"Mimi nimetoa majani miaka thelathini," akasema. "Sikujua yanafungwa kamba kama yamekosa."

Aliwagawia wenzake chai ya birika lake, iliyokuwa vuguvugu, na wakamshukuru. Kisha akainuka akakusanya vikombe. Alikuwa ameshavua saa na kukunja mikono ya sweta pale Mama Beverly alipomshika kiunoni na kumrudisha kitini. Kesho yake asubuhi alikutwa na ufagio. Mama Beverly, ambaye alikuwa hakimu mwenye huruma, aliamua kwamba ufagio ulikuwa umeshikwa lakini haujafagia.

"Hiyo ni mbili, Mama Weldon. Weldon akiniuliza mimi siwezi kuficha."

"Usifiche," akasema Rodah, na akakaa. Aliikalia mikono yake kabisa, mmoja chini ya kila paja. Alikaa hivyo somo zima la asubuhi na nusu ya somo la mchana, na wengine walidhani amejazwa Roho. Usiku huo alilala akiwaza kwamba bado siku moja tu, na kwamba kikapu chake kilikuwa salama.

Siku ya tatu, saa nne, mwalimu wa semina akatangaza saa moja ya maombi ya kimya. Kila mama atafute mahali pake bustanini, azungumze na Mungu wake peke yake. Rodah alifurahi. Maombi si kazi, hata Weldon hawezi kusema ni kazi. Akajifunga leso mgongoni, ncha mbili kiunoni na mbili mabegani, kwa sababu jua la Kisumu lilikuwa linachoma, akaenda kusimama peke yake pale mwisho wa bustani, kando ya ua wa miti mifupi yenye majani laini ya manjano, uliomfika usawa wa tumbo.

Usawa wa tumbo, ndugu yangu, kama kichaka cha chai. Hapo ndipo angepaswa kukimbia.

Akafumba macho. Akaanza na mchungaji, kama ilivyo desturi. Akaenda kwa wagonjwa, akawataja mmoja mmoja. Akaombea wajane, akaombea shule, akamwombea Alfayo na kifua chake. Alipofika kwa Weldon machozi yalimtoka, akaomba sana, akasogea hatua kwa hatua, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko siku zote tatu. Hata bega halikuuma. Akamaliza na serikali, akasema amina, akafumbua macho.

Leso mgongoni ilikuwa imejaa. Ua wote, kutoka pale alipoanzia hadi langoni, hatua kama arobaini, ulikuwa umechumwa sawasawa, majani mawili na chipukizi, na juu yake umenyooka kama meza. Nyuma yake alisimama mtunza bustani, Oyugi, mkasi wake mkubwa ukining'inia mkononi. Nyuma ya Oyugi alisimama Mama Beverly, mkono mdomoni.

"Mama," akasema Oyugi taratibu, "ni nani amekata hii fence?"

"Nilikuwa naomba tu."

Oyugi aliinama akafumba jicho moja, akautazama ule ua kwa urefu. Alitembea mpaka langoni akarudi. "Mimi niko hapa miaka tisa na sijawahi pata level kama hii. Ni kanisa gani hiyo yenu?"

Akilini Rodah alikuwa ameshamwona Mageto akiteremka mstari wa tano na redio yake shingoni. Aliketi kwenye nyasi na kulia waziwazi, na kila alipojipangusa kwa ncha ya leso, majani ya watu yalimwagika.

Simu ya Weldon iliwakuta ndani ya basi. Mama Beverly aliitazama ikilia, akamtazama rafiki yake. Angeweza kusema amepumzika vizuri, na kwa upande mmoja ingekuwa kweli. Aliifikiria sana hiyo kweli ya upande mmoja. Halafu akampa Rodah simu.

"Sema wewe. Mimi nimeokoka, na wewe umeokoka."

"Weldon," akasema Rodah, "nimechuma fence ya watu."

Sauti ikauliza, "Umechuma nini?" Basi zima lilikuwa limenyamaza likisikiliza, na Rodah ikabidi arudie.

Jumapili Weldon alikuja na gari, akasali kanisani na mamaye, akarudi naye nyumbani akiwa bado amevaa koti zuri na viatu vya kanisani, na Mageto akaja kukabidhiwa kazi. Rodah akakitoa kikapu mwenyewe, ameshakiosha. Walikwenda wote watatu hadi shambani, na Weldon akasimama katikati ya mistari akaanza kuongea. Alisema mapatano ni mapatano. Alisema bega haliuzwi dukani. Aliongea polepole, kwa upendo, na hoja zake zilikuwa safi. Alisema Mama umefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yako kukaa kama mama za wengine, na kila siku unisikie nikikwambia hivyo.

Rodah hakuwa anamsikia. Alikuwa anaitazama mikono ya mwanawe. Ilikuwa inachuma, yote miwili, haraka, jani na jani na chipukizi, bila mwenyewe kuiangalia, na ilipojaa ilikwenda kwenye mfuko wa koti ikajimwaga, ikarudi. Mfuko mmoja ulikuwa umeshatuna. Mageto naye aliona, akageuka kutazama kuku.

"Mama, unacheka nini?"

"Endelea," akasema Rodah. "Huo ni mstari wako."

Weldon akatazama chini. Akaiona mikono yake, akauona mfuko. "Wangu aje?"

Ndipo Rodah akamwambia, kwa mara ya kwanza, mistari yote na watu wake. "Huu nimekuombea tangu ukiwa mgongoni. Ile mwaka ulitafuta kazi, niliurudia mpaka ukabaki vijiti. Karani wa kituo akaniuliza kama nimeingiliwa na mbuzi."

Weldon alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Basi huu uchume wewe," akasema hatimaye. "Huu peke yake."

"Kongoi, mwanangu," akashukuru Rodah. Akachuma chipukizi moja, kwa adabu. "Na wa mchungaji? Jumapili ya leo umeisikia hiyo sauti."

"Na wa mchungaji."

"Wagonjwa nao tuwaache?"

Walipanda kuelekea nyumbani wakibishana. Wajane walikombolewa karibu na mparachichi, Alfayo na kifua chake wakapatikana penye bomba la maji, na kwa kila mstari Weldon alidai siku moja ya kupumzisha bega, ambayo Rodah aliitoa kwa moyo mkunjufu, bila kusema atakaaje. Kufika mlangoni, Mageto aliyekuwa akiwafuata na kikapu alikuwa amebakiwa na mistari mitatu, ile ya kule chini mtoni.

Alikwenda kuitazama. Chai ilikuwa imedumaa, nyeusi, na siafu walikuwa wameshaanza kumpanda miguuni.

"Mama Weldon!" akaita kutoka huko chini. "Hii yangu inaombewa nini?"

"Serikali!" akajibu Rodah.

Mageto alikitazama kichaka cha kwanza kwa muda. Kisha akaweka kikapu mgongoni, na ingawa mpira ulikuwa umefika dakika ya themanini, akazima redio.