Rufaa ya Fundi Cherehani Dhidi ya Filimbi

Wiki iliyopita dereva wa lori la viazi kutoka Iwawa alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Njombe, akateremsha kioo, akaniambia bila hata kuzima injini: "Yule Mskochi wa Makambako amefariki. Kifua. Wanazika kesho Kitandililo." Kisha akaondoka na viazi vyake. Msomaji asiyekijua kisa hiki atadhani nililetewa habari za Mzungu. La. Marehemu alikuwa Mbena kama mimi, Mlutheri, fundi cherehani aliyezaliwa Kitandililo na ambaye hakuwahi kufika hata Dodoma, sembuse huko Uskochi. Hata hivyo kwa miaka mingi alijiita Mskochi, akaitwa Mskochi, na ukimkosea alikukumbusha kwamba Waskochi hawaonewi hivi hivi. Nilisikitika sana. Kisha nikakumbuka ile rufaa yake, nikacheka, nikamwomba radhi kimoyomoyo, nikaendelea kucheka.

Wasomaji wangu wa pwani, ambao mpira wao ni wa duara na hupigwa kwa mguu, hawana budi kuelezwa. Kuna mpira mwingine wa Wazungu uitwao raga. Una umbo la papai. Unaukumbatia na kukimbia nao mbele, lakini kumrushia mwenzako aliye mbele ni haramu. Lazima umrushie aliye nyuma, jambo ambalo wazee wetu walilitazama mwaka wa kwanza wakasema watu hawa hawataki kufika. Ukivuka mstari wa mwisho na kuubandika mpira chini kwa mkono, umepata bao. Kila mwaka, majira ya baridi, Wazungu wa sehemu zetu walikusanyika katika uwanja wa hapa Njombe wakacheza kwa majina ya nchi zao: Uingereza, yaani mabwana wa boma na majirani zao, dhidi ya Uskochi, yaani shamba la ng'ombe lililokuwa karibu na Makambako, ambalo meneja wake alikuwa Mskochi wa kweli. Waskochi wa kuzaliwa hawakutosha, kwa hiyo Mgiriki mmoja mwenye duka alikuwa Mskochi kuanzia saa sita mchana mpaka jua lizame, na hakuna aliyemkagua. Sisi tuliingia katika mashindano haya ya kimataifa kwa mlango wa nyuma: shamba lile lilitoa ng'ombe mmoja wa kushindaniwa, na upande ulioshinda ukamchinja na kumla pamoja na watu wake wote. Basi watu wa Makambako wakawa Waskochi, na sisi wa Njombe tukawa Waingereza, na ndugu wa damu wakakaa miezi bila kusalimiana.

Marehemu hakuwa shabiki wa kusimama tu. Raga inararua nguo kuliko kazi yoyote niijuayo, na yeye alikuja na cherehani yake ya mkono katika lori la shamba, akakaa pembeni ya uwanja kwenye kigoda, akishona kaptula mchezo ukiendelea. Ungemwona Mzungu mzima amesimama kando yake amejifunga blanketi kiunoni, anatetemeka kwa baridi, anasubiri kaptula yake kwa adabu kama mtoto wa shule. Kwa kazi hiyo meneja alimwahidi paja zima la ng'ombe siku Waskochi watakaposhinda. Na mwaka ninaousimulia, fundi alilihitaji paja lile kuliko mtu yeyote uwanjani. Alikuwa ameoa mwaka huo huo binti wa hapa upande wa Njombe, na baba mkwe wake hakuficha mashaka yake kuhusu mwanamume asiyeshika jembe, anayekaa kitako kutwa nzima akishona matambara. Wakwe walikuwa wamepanga kuja kumtembelea kwa mara ya kwanza Jumapili, siku moja baada ya mchezo. Fundi aliwatumia salamu: waje na njaa, watakula nyama mpaka waseme basi. Nyama yenyewe wakati huo ilikuwa bado inatembea kwa miguu yake kwenye malisho ya Makambako.

Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa mpaka dakika za mwisho. Waingereza walikuwa mbele kidogo tu, na bao moja la Waskochi lingetosha. Hapo ndipo ukungu wetu uliposhuka. Anayeijua Njombe anajua ukungu huo. Ukishuka, hata mkono wako mwenyewe unauuliza uko wapi. Wachezaji wakamezwa. Zikasikika nyayo nzito, mguno, kishindo cha watu wengi wakianguka pamoja, halafu shangwe kutoka upande wa Makambako, halafu filimbi. Ukungu ulipopungua tuliona rundo la Wazungu karibu na mstari, Mgiriki akiwa chini kabisa, amekumbatia mpira. Refa alikuwa Bwana Shauri wetu wa siku hizo, Mzungu wa boma aliyeamua mashauri yetu, ambaye alirudi kwao zamani. Alisema si bao. Mchezo umekwisha, Uingereza imeshinda.

Sitaisahau dakika iliyofuata. Watu wa Makambako walishika vichwa. Mzee mmoja mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, aliketi chini kwenye majani akasema hatasimama mpaka haki itendeke, na kwa kweli alibaki pale mpaka lori la kwao lilipowashwa. Wengine walieleza mpira ulipogusa, kwa mkono wa nani, kwa kidole gani. Upande wetu nao walieleza vilevile, kwa kidole kilekile, kinyume chake. Mimi nilikuwa na watu wa Njombe, na nitasema mwishoni nilichokiona. Ng'ombe akabaki kwetu, akachinjwa jioni ile ile, na fundi, aliyemjua ng'ombe yule kwa rangi yake, alipakia cherehani yake katika lori bila kumuaga mtu.

Jumapili baada ya ibada wakwe waliwasili Makambako kama walivyoahidi. Fundi alikuwa amepika viazi na maharage na alikuwa amejiandaa kuinamisha kichwa. Baba mkwe alipiga hodi, akasalimu kwa Kibena, "Kamwene," akaingia, na begani alikuwa amebeba paja. Ng'ombe yule yule. Watu wa Njombe walikuwa wamegawana, na yeye alipewa fungu lake kama Mwingereza halali. "Tulisikia kwamba upande wenu jana mambo hayakwenda vizuri," alisema kwa upole, "tukaona tusije mikono mitupu." Jamani, kuna matusi yanayovumilika kuliko upole wa namna hiyo. Mama mkwe akalipika paja, wakwe wakala, mke akala, na fundi akala viazi. Alipobembelezwa alijibu kwamba nyama ile ina kesi. Mkewe, aliyenisimulia haya mwenyewe, alimwambia walipobaki wawili: "Baba kaleta nyama, wewe unaleta kesi." Jumatatu kabla ya saa tatu fundi alikuwa barazani hapa Njombe, amevaa koti.

Wakati huo nilikuwa karani mdogo bomani, na kazi yangu ilikuwa kuita wenye mashauri. Bwana Shauri alimuuliza anamshitaki nani.

"Simshitaki mtu, Bwana. Nakata rufaa."

"Rufaa ya hukumu gani?"

"Ya filimbi ya Jumamosi."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. "Filimbi ile niliipiga mimi. Nani atasikiliza rufaa hiyo?"

"Wewe, Bwana. Tumefundishwa kwamba mtu asiporidhika na hukumu ya huku kwetu, rufaa inakuja kwako. Mimi sikuridhika, nimekuja."

Baraza zima lilishusha macho. Kumjibu Bwana Shauri namna hiyo kuliweza kumpeleka mtu kuvunja mawe. Lakini mabwana wengine huwa na siku zao njema, na huyu alikunja mikono akasema mashahidi waje. Shahidi wa Makambako aliapa kwamba mpira uligusa chini mbali kabisa ndani ya mstari. Alipoulizwa kuhusu ukungu alisema, "Ukungu ulikuwepo, Bwana, lakini ulikuwa upande wa watu wa Njombe." Shahidi wa Njombe alikuwa baba mkwe mwenyewe. Alisema alisimama pale pale kwenye mstari, akaona kila kitu, halikuwa bao, na kuhusu ukungu watu wa Njombe wamezaliwa humo na wanaona humo vizuri kuliko Wamakambako wanavyoona juani. Fundi alitaka kumbana, lakini utamhoji vipi baba wa mke wako mbele ya watu? Akanigeukia mimi. "Karani, hebu mwulize baba, kwa heshima zote, kama ana hakika." Nikamwuliza. "Mwambie mwanangu kwamba nina hakika," akajibu mzee, na walikuwa wamekaa kiti na kiti.

Kisha zamu ikawa ya fundi. Bwana Shauri alimuuliza alisimama wapi.

"Nilikuwa nimekaa, Bwana. Nashona kaptula."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Sindano."

"Basi hukuona."

"Sikuona, Bwana. Lakini nilisikia watu wa Makambako wote wakishangilia, na watu wazima hawawezi kushangilia kitu ambacho hakipo." Akaweka sawa koti lake. "Na wewe, Bwana, uliona?"

Nilikodolea macho kidau changu cha wino. Bwana Shauri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikuona," alisema. "Refa asipoona mpira ukigusa chini hatoi bao. Ndivyo sheria ilivyo."

"Kwa hiyo hukulikataa bao letu. Hukuliona tu."

"Sikuliona tu. Rufaa yako imekataliwa."

"Asante sana, Bwana," alisema fundi. "Nimeshinda." Akatoka nje mwendo wa bwana harusi, na tangu siku hiyo hakuna mtu yeyote wa Makambako aliyeweza kumshawishi kwamba alishindwa.

Nimemfikiria sana juma hili. Nimekaa ofisini mwa serikali miaka mingi na nimeona watu wakishindwa mashauri ya mashamba, ya mifugo, ya wake. Wengi hawaumizwi na kushindwa kama wanavyoumizwa na kuondoka bila kusikilizwa. Fundi hakupata paja, hakupata bao, mchezo haukurudiwa. Alipata neno moja kutoka kwa mtu mkubwa, "sikuona," akatosheka nalo kama mtu aliyekabidhiwa shamba. Nadhani tumelifanya neno hilo kuwa ghali bila sababu. Wapo siku hizi wanaosema kwamba muda si mrefu filimbi za nchi hii zitakuwa mikononi mwetu wenyewe. Mimi ni mtu wa kalamu, siasa nawaachia wenyewe. Ila nilijiuliza barazani siku ile, na bado najiuliza, kama ni sawa apigaye filimbi awe ndiye yule yule asikilizaye rufaa, maana si kila mwaka tutampata aliyeamka vizuri.

Aliyebaki na ubishi ni baba mkwe. Kila walipokutana, harusini, sokoni, kanisani, wawili hawa walifungua upya kesi, kwa heshima kubwa na kwa kupitia mtu wa tatu. "Mwambieni baba lilikuwa bao." "Mwambieni mwanangu mimi nilisimama kwenye mstari." Wajukuu walikua wakidhani hayo ndiyo maamkizi ya wakwe.

Nilikwenda Kitandililo kumzika. Baada ya mchungaji kumaliza, msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu au anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Baba mkwe, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, alisimama. Aliomba mtu amshushie kitu kutoka kwenye lori lililomleta. Kilikuwa paja la ng'ombe.

"Mwanangu ananidai," alisema. "Ananidai bao moja. Siku ile kulikuwa na baridi, nilijifunika mgolole mpaka kichwani. Niliposikia filimbi nilijifunua, nikaona watu wa kwetu wanaruka, nikaruka nao. Sikuona kitu. Aliponiuliza barazani ningesemaje, na nyama yake nilikuwa nimekwisha kuila?" Alipumzika kidogo juu ya fimbo yake. "Alikula viazi siku ile, mimi namtazama. Bao ni lake. Na hili paja ni lake, lipikwe hapa kwake."

Mjane, aliyekuwa analia tangu alfajiri, alicheka katikati ya kilio, akashika mdomo, akacheka tena. Mchungaji alitafuta kitu muhimu ndani ya kitabu chake. Nyuma ya umati sauti ya mzee mmoja ikasema taratibu, "Sisi Waskochi tunashukuru." Paja likapikwa, tukalila pale pale, watu wa Makambako na wa Njombe sinia moja, na nilipomtazama mzee yule akitafuna polepole, machozi yakimshuka bila kuyafuta, na mimi yangu yakashuka.

Basi funzo ninalolichukua kutoka kwa fundi wangu, na ninaloliacha kwa kila atakayepewa filimbi kesho, ni hili: kusema "sikuona" hakumpunguzii mtu cheo, na humrudishia mwenzake usingizi. Bwana Shauri aliliweza asubuhi moja. Mzee alihitaji nusu ya maisha na jeneza. Sote tulikuwa ndani ya ukungu ule ule, na laiti tungekiri mapema, watu wawili waliopendana wangekula nyama pamoja miaka yote hiyo. Lala salama, fundi. Nakuombea mema huko uliko, na wala sitaki ugomvi na marehemu. Lakini niliahidi kusema nilichokiona, na ukweli lazima usemwe: mimi nilisimama mahali pazuri, niliona waziwazi kabisa, na halikuwa bao.