Ng'ombe wa Mzee Zahoro

Kwa miaka thelathini na minane Zahoro aliishi kwa brashi. Mtu akitaka "Usikojoe Hapa" iliyonyooka, au jina la duka lenye kivuli chekundu, alielekezwa Kaloleni kwa Mzee Zahoro. Herufi za Kiarabu alijifunza madrasani, zikianzia kulia. Za Kizungu akajifunza shuleni, zikianzia kushoto. Akaamini hakuna upande mwingine ambako herufi zingeweza kutokea.

Kwa hiyo Wakiuru, mwenye bucha pale Soko la Burma, alipomwambia kwamba Wachina wanaojenga barabara wameipenda nyama yake na anataka kibao cha Kichina, Zahoro hakusita. Alionyeshwa picha ya herufi za Kichina kwenye simu: nyama ya ng'ombe.

"Utaweza, Mzee?"

"Wakiuru, mkono huu umeandika hadi Kijerumani."

Neno lenyewe lilikuwa "Kindergarten", ukutani mwa shule ya chekechea.

Herufi ya ng'ombe akaijenga kama nyumba, msingi kwanza. Alianza chini, akaupandisha mstari wa wima, na ulipogusa ule wa kulala wa juu akausimamisha hapo hapo, kama nguzo iliyofika kwenye boriti. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaridhika.

Kesho yake Wachina wanne walisimama mbele ya kibao wakacheka mpaka mmoja akaketi kwenye kreti ya soda. Wakiuru akamwita mpwa wake Jacky, aliyekuwa akisomea Kichina chuo kikuu.

"Mzee," Jacky alisema kwa upole, "ng'ombe wako hajatoa kichwa. Huu mstari ulifaa kutokeza juu. Bila hivyo si ng'ombe, ni saa sita mchana."

"Saa sita?"

"Umeandika nyama ya saa sita mchana."

Masikio ya Zahoro yalimchoma. Akasingizia picha kuwa ndogo. Akasingizia jua. Mwishowe akasema, "Nifundishe, mwanangu."

Walisomea kwenye meza ya bucha kila alasiri, Zahoro akichovya kidole ndani ya maji na kuandika, na Jacky akiwa ameshika mwiko kama fimbo ya mwalimu.

"Mistari ina foleni yake. Wa mshazari kwanza, halafu mfupi wa kulala, halafu mrefu. Wa wima ndio wa mwisho, na unashuka, haupandi!"

"Na nikiruka foleni, nani atajua?"

"Si uliruka na wote wakajua?"

Nyumbani aliandika kwenye unga wa chapati, mpaka mkewe Zaitun akamwambia, "Baba Saif, ng'ombe wako wametosha, niachie na unga wa kula." Kisha yeye mwenyewe akamwandika mmoja kwa ncha ya kisu, foleni sawasawa, bila kufundishwa na mtu. Zahoro akanuna hadi chai.

Siku moja alisimama kando ya Barabara ya Jogoo akiandika hewani. Mkono uliposhuka kwa ule mstari wa mwisho, pikipiki mbili zilifunga breki mbele yake.

"Twende wapi, mzee?"

"Siendi popote. Naandika ng'ombe."

Wale vijana wakatazamana, wakaondoka polepole, kwa heshima.

Baada ya wiki sita alifika Burma na kopo la rangi ili kusahihisha kibao. Wakiuru akasimama katikati na kisu chake.

"Usiguse! Tangu uandike hiyo saa sita yako, Wachina wanakuja saa sita kamili, wanapiga picha, wanakula, wanaleta wenzao. Ukiandika ng'ombe watakuja saa ngapi?"

Zahoro alibembeleza. Aliapa kuwa hapati usingizi kwa sababu ya kibao hicho. Hatimaye akapewa ukuta wa pembeni, karibu na tangi la maji. Wachina walikuwa pale wakila, wakaacha mbavu zao wakaja kutazama. Alipoweka mstari wa kwanza walihesabu kwa sauti, kwa lugha yao, na Jacky akihesabu nao. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ukaanzia juu kabisa, ukashuka mpaka chini, na soko zima la mbuzi choma likapiga makofi bila kujua linapigia nini.

Zahoro alijipangusa jasho kwa mkono wenye rangi. "Sasa nipe mbuzi," akamwambia Jacky.

"Mbuzi ana mistari sita."

"Sita? Na ng'ombe na mwili wote ule ana minne?"

"Waulize wenyewe, mzee."

Akawageukia Wachina, uso umekunjamana, akawauliza kwa Kiswahili kwa nini mbuzi amemzidi ng'ombe.