Siku Mkalimani Aliposinzia

Mama alinyimwa viza ya kuja London mara mbili. Ya Ujerumani akapata, maana dada yangu mkubwa anaishi huko na karatasi zake zimenyooka. Basi kama nataka kumwona mama yangu baada ya miaka minne, nimfuate hukohuko. Niliomba siku tatu kazini, nikapewa mbili. Ijumaa asubuhi nikatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee Ilford, nikapita nyumbani Barking kumchukua binti yangu wa miaka kumi na moja, tukakimbilia uwanja wa ndege. Jioni tulikuwa kwa dada. Usiku nao mama alikuwa na habari za kila aliyekufa na kila aliyeolewa kwetu Unguja, nami sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Nilitegemea Jumamosi tukae ndani, tule, tuzungumze. Nilikuwa nimemsahau dada yangu. Ameishi na Wajerumani mpaka amekuwa na ratiba. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini kwa dada mgeni hutembezwa mpaka augue yeye. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye treni, tunakwenda kuona mji mkongwe kando ya mto Rhine.

Sitaki kuusema vibaya mji wa watu. Ni mzuri. Nyumba zimejengwa kwa mbao zilizopishana kwenye kuta nyeupe, dirishani maua, juu mlimani ngome. Lakini njia zote ni mawe ya mviringo, na mama ana goti bovu. Alivaa buibui na raba za dada, akitembea polepole huku ananishika mkono, na mimi niliyepaswa kumshika nilikuwa nayumba kuliko yeye.

Kwenye lango la mji kulikuwa na mistari iliyochongwa ukutani, kila mmoja na mwaka wake. Dada akaeleza kwamba ni alama za mafuriko. Mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha mama.

"Maji yalifika hapa?" mama akauliza. "Na wao wakarudi kukaa palepale?"

"Ndiko kwao, mama," dada akasema, akaangalia saa.

Tukakaa uwanjani kula katlesi na visheti alivyokuja navyo mama kutoka Unguja. Hapo ndipo nilipoharibu. Binti yangu hujibu kila kitu kwa Kiingereza, na mama hajui Kiingereza, kwa hiyo tangu jana mimi ndiye mkalimani. Mama akamgeukia, akamuuliza taratibu, "Mjukuu wangu, mama yako hupumzika huko?"

Mtoto akafikiri, akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana, si sana. Kwamba mama yake hurudi akalala amekaa kwenye kochi, na viatu miguuni.

"Anasema napumzika vizuri," nikatafsiri. "Wikendi tunakwenda bustanini."

Nilimwona mtoto akiacha kutafuna. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mzazi wa London hapaswi kulisahau hata siku moja: watoto wetu hawasemi Kiswahili, lakini wanakisikia chote. Aliniangalia, kisha akarudi kwenye kisheti chake.

Nilijitetea moyoni. Mama ana presha. Miaka minne, kila Ijumaa kwenye simu, huniuliza kazi vipi, nami humjibu nyepesi, alhamdulillah. Anaamini nakaa na wazee nikiwasomea magazeti. Akijua kwamba usiku kucha nageuza vitandani watu wazito kuliko mimi, na mgongo wangu umekwisha, hatalala. Tena niseme kweli: naona haya. Nilisomeshwa kwa taabu, sikusomeshwa ili nije kuchoka hivi.

Saa nane kamili, kwa ratiba, tukapanda meli ya kutembeza watalii. Dada akapanda juu kupiga picha. Sisi watatu tukakaa ndani, kwenye benchi la dirishani. Kulikuwa na joto zuri, injini inanguruma chini ya miguu, mama anasema habari ya jirani yetu aliyeuza nyumba. Sikusikia aliiuza kwa nani.

Nilipozinduka, kanga ya mama ilikuwa begani kwangu, na kuna mtu anasema Kiswahili kibovu.

"Mimi natoa viatu, Bibi. Halafu mimi naweka blanketi."

"Kila siku?"

"Siku nyingi. Mgongo yake inauma. Lakini kwa simu anasema nzuri, nzuri."

"Na wewe unakula nini akilala?"

"Mimi najua kupika mayai."

Nilitaka kuinuka nimfinye. Hasira zilinipanda kweli, siri zangu zote zimemwagwa. Nikabaki nimefumba macho, kwa haya zaidi kuliko kwa usingizi. Nikasikia mama akivunja kisheti na kumpa kipande. Miaka yote nimembembeleza mtoto huyu aseme Kiswahili, akakataa. Kumbe alikuwa hajapata la kusema, au mimi sijampa nafasi.

Dada akashuka ngazi kwa kishindo. "Inuka wewe, umelala mpaka ngome imepita!"

"Muache," mama akasema.

Lakini nilikuwa nimeshafumbua macho. Mama alinitazama kwa utulivu, akauliza lilelile la kila Ijumaa. "Haya, mwanangu. Kazi vipi huko?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Binti yangu alikuwa amenikazia macho, anangoja asikie leo nitatafsiri nini.

"Nzito, mama," nikasema. "Nimechoka."

Hakulia. Wala presha haikumpanda, kwa jinsi nilivyoona. Alisogea, akaniambia ninyooshe miguu juu ya benchi. Nikakataa, nikasema watu wanatuangalia. Akasema waangalie. Kisha akainama, na goti lake lile bovu, akaanza kufungua kamba za viatu vyangu.

"Kushoto kwanza, Bibi," binti yangu akamwambia. "Hiyo ndiyo ngumu."