Kaseti ya Asubuhi na Jioni

Mimi kitu kipya sijawahi kukiogopa. Wapo watu ukiwaonyesha kitu chenye kitufe wanarudi nyuma kama wameona nyoka. Mimi nasogea. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikuwa nashinda machungani kuliko darasani, kwa hiyo yale maandishi ya kwenye boksi siyahangaikii. Nabonyeza tu. Kikiwaka, nimeshajua cha kuwashia. Kikizima, nimeshajua cha kuzimia. Vilivyobaki nitavijua mbele ya safari.

Miaka ya tisini, tulipokuwa tumeshazoea huku Mpanda na ng'ombe wetu, vitu vilianza kuja na treni kwa wingi. Zilikuja saa zisizo na mishale, zinazoandika namba. Niliwahi kuvaa moja yenye vitufe vya kujumlishia, vidogo kama mbegu za mtama. Kidole changu kikienda kwenye kimoja kinakandamiza vinne, na jumla inayotoka hapo ni ya kwao wenyewe. Nikaiona ni pambo. Video nayo niliiona mjini karibu na soko, wanaonyesha kwa jenereta, watu wanapigana mateke lakini unachosikia ni jenereta. Maoni yangu kuhusu video sijayabadilisha mpaka leo: ni nzuri, ila ina dharau. Unamwambia yule mtu wa ndani, "Nyuma yako, nyuma yako!" Ukumbi mzima mnamwambia. Wala hageuki. Sola niliikuta kule misheni Karema nilipofuata dagaa, bati linakula jua mchana kutwa halafu linatapika taa. Hiyo niliivulia kofia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni redio kaseti. Nilitoa dume la ng'ombe nikaja nayo nyumbani nimeiweka mabegani kama ndama. Mke wangu akaizunguka, akaigonga na ukucha.

"Baba, na hiki nacho kitakamuliwa?"

"Kitakamuliwa sauti."

"Haya. Watoto watakoroga ugali kwa sauti."

Ilikuwa na spika mbili, mkono wa kubebea, na vitufe vimepangwa kama meno. Kimoja kilikuwa chekundu. Hivyo vingine vilikuwa vya kusikiliza watu, hicho chekundu kilikuwa cha kusikilizwa wewe. Na hicho ndicho kilichonifanya nianze kumfikiria mama.

Mama yangu alibaki Shinyanga tulipohama. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu zangu walishatawanyika na mifugo kila mtu upande wake, na yeye akabaki kwenye mji wa baba, yeye na kuku. Nilitaka aje akae kwangu. Nilitaka hivyo kila siku, nikikaa kula hasa. Kwenda kumchukua nilikuwa siwezi. Ng'ombe walikuwa wengi, mkubwa wa boma ni mimi peke yangu, na simba wa huku hawajui likizo. Nikawa natuma barua. Mwandishi wangu alikuwa jirani, Mrundi mmoja katekista, mtu mwema kabisa, mwenye mwandiko kama umefumwa. Mimi nasema, yeye anaandika. Kumbe mimi nikisema "mama njoo," yeye anaandika vyake vya heshima.

Majibu ya mama yaliletwa kwa mdomo, na mtu aliyetoka huko: "Huyo anayeniandikia simjui. Mwanangu hajawahi kusema 'madhumuni ya barua hii'. Nihamie kwa mtu nisiyemjua, tena msituni? Siku nikimsikia mwenyewe kwa mdomo wake, nitafikiria."

Hapa nichepuke kidogo. Mwishoni mwa miaka hiyo mwalimu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam, akatusimulia intaneti. Barua haina stempu, haipandi treni, ukiituma inafika kabla hujainuka kwenye kiti. Nikamuuliza, inachukua sauti? Akasema aliyoiona yeye ni maandishi tu. Nikamwambia basi mwalimu, huyo ni katekista wangu, amefungwa injini. Alicheka mpaka akakohoa. Siidharau intaneti, lakini siku ile ndivyo nilivyoiona, na sikuwa mbali sana na ukweli. Turudi kwa mama.

Alitaka mdomo wangu, na mimi nilikuwa na kitufe chekundu. Asubuhi moja baada ya kukamua nilikaa mbele ya redio, nikabonyeza, nikasema yote bila kupumua. Nilimsalimia, nikaeleza ng'ombe, watoto, mvua, nyumba niliyomjengea, mlango wake unatazama wapi. Nikamaliza nina jasho. Kulikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akisafiri kwenda Shinyanga na madumu ya asali. Nikampa redio na kaseti, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikarudi kwenye ng'ombe wangu nikijua kazi imekwisha.

Aliporudi, kabla hajashusha mzigo, akasema, "Shemeji, umemkasirisha mama."

"Kwa lipi?"

"Umemsalimia mwangaluka."

Mwangaluka kwetu Wasukuma ni salamu ya asubuhi.

"Si nilikuwa asubuhi?"

"Wewe ulikuwa asubuhi! Mimi nimefika jua linazama. Mama akatazama nje, akatazama redio. Akasema, 'Huko msituni jua hawalioni?' Lakini akaitikia, maana ni mama. Hapo ndipo palipoharibika. Anaitikia, wewe umeshapita, uko kwenye ng'ombe. Anakufuata kwenye ng'ombe, wewe umehamia kwa watoto. Anauliza mtoto gani anaumwa, unamjibu mvua imenyesha! Akachukua kanga akafunika redio."

"Akafunika?"

"Amesema mtoto asiyengoja mama yake aitikie, afunikwe."

Mke wangu alikuwa ameshika mwiko, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka siku hiyo. Kwetu salamu haitupwi. Unatoa, unangoja, unaitikiwa, unaulizwa, unajibu, na mtu mzima ana mwendo wake. Kumkatisha ni kama kumpokonya sahani angali anakula. Mama alikuwa ameomba kumsikia mwanae, nami nimempelekea mtu asiye na adabu mwenye sauti yangu. Na shemeji akamalizia kwa sauti ya chini kwamba mama amesema tusimsumbue tena, yeye atazikwa hapo hapo na kuku wake.

Nilikaa na hilo jambo majuma kadhaa. Watoto walitaka muziki, nikawaambia redio imechoka.

Halafu nikaenda Inyonga, kumsindikiza jirani aliyekuwa anapeleka tumbaku. Pale ofisi ya wanunuzi kulikuwa na simu ya upepo, ile ya kuongea na waya mrefu juu ya mti, na mimi kama kawaida yangu nikasogea dirishani. Jamaa anaongea, akimaliza anasema "ova," anaachia kitufe, anakaa kimya. Amekaa tu, macho kwenye ukuta. Kule mwenzake anaongea weee, anasema "ova," naye ndiyo anaanza. Nikamuuliza mbona huingilii? Akasema, "Mzee, hii ukiingilia hakuna anayesikia. Inakulazimisha uwe na adabu."

Maoni yangu kuhusu simu ya upepo: ndicho chombo pekee kilicholelewa vizuri. Nilipanda baiskeli ya jirani nikamwacha na tumbaku yake.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, "Njoo. Leo wewe ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Kaa hapo kwenye kigoda. Nitakusalimia, wewe itikia kimoyomoyo, kwa mwendo wake yeye. Ukimaliza, inua kidole."

Mke wangu aliishi kwa mama miaka mingi kabla hatujahama, wamepika jiko moja. Anazijua pumzi za mama kuliko mimi aliyenizaa. Betri zilikuwa zimeanikwa juani juu ya paa tangu jana yake, zimepata nguvu. Nikabonyeza chekundu. "Mwangaluka, mayu." Mayu ni mama. Nikanyamaza. Yule mwanamke akajikunja kwenye kigoda, akarekebisha kanga, akasafisha koo bila sauti, midomo ikaanza kutembea taratibu, anasimama katikati kama mama anavyosimama kutazama nani anapita njiani. Nikadhani amesahau kidole. Kumbe bado yuko kwenye habari za kuku. Nilishikwa na kicheko, nikakiuma, kikatokea puani, na kaseti ikakichukua. Tukarudisha nyuma tukaanza upya. Mara ya pili akacheka yeye. Mara nyingine jogoo aliwika, nikasema jogoo abaki, ni asubuhi.

Upande wa kwanza tukaufanya wa asubuhi wote. Jua lilipoteremka tukageuza kaseti, tukafanya upande wa pili kwa mwadila, salamu ya jioni, ng'ombe wanarudi na wanasikika kabisa. Afike saa yoyote atakayo, shemeji atachagua upande.

Katikati ya upande wa jioni mke wangu aliinua mkono mzima, si kidole. Nikazima.

"Hapa atakuuliza kama unakula."

"Mama? Mama hajawahi kuniuliza hivyo hata siku moja."

"Wewe hakuulizi. Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa. Kila akinipa mboga: 'Mwanangu anakula?' Acha nafasi. Halafu mjibu."

Basi nikaacha nafasi, nikasema, "Nakula, mama. Nakula vizuri."

Shemeji alipoambiwa aende tena akauliza kama siku hizi yeye amekuwa posta. Alinung'unika mpaka stesheni, lakini alikwenda. Na siku aliporudi alikuwa anacheka toka mbali, mkono mmoja umebeba redio na mwingine unaonyesha mambo hewani.

"Shemeji! Nimefika jioni tena. Mama akaniambia, 'Kile kikelele chako kiache nje.' Nikambembeleza. Nikaweka upande wa jioni. Kikasema mwadila, mayu. Mama akachungulia jua. Akaona ni jioni kweli. Akaitikia, shingo upande. Redio kimya. Akamaliza, akaitazama. Redio ikauliza kuku. Akawataja kuku, mmoja mmoja, redio imetulia tu! Akasogeza kigoda. Mimi nimekaa pale hata sionekani. Mwisho akashika spika hivi, kama mtu anashika shavu la mtoto, akasema, 'Na unakula wewe?'"

Shemeji akaiweka redio chini, mikono yote miwili ipate kusimulia.

"Ikamjibu. Shemeji, ikamjibu! 'Nakula, mama. Nakula vizuri.' Mama akageuka kwangu akasema, 'Huyu sasa ni mwanangu.' Nilimwekea tena mpaka betri zikaanza kuvuta."

Mke wangu safari hii hakucheka. Alikwenda kuangalia moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Na mama alikuwa amejibu. Shemeji alinunua kaseti nyingine dukani huko. Tulikaa familia nzima, nikabonyeza. Mama akatusalimia, akanyamaza. Sisi tukatazamana. Walikuwa wanasikika kuku, mbuzi wa jirani, na shemeji anakohoa. Mtoto wangu mmoja akasema imeharibika. Mke wangu akamfinya: "Bibi yako anangoja, itikia!" Tukaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kama tuko kanisani, na mama akaendelea. Alituita mmoja mmoja na kila mmoja akangojwa. Mimi nilingojwa kuliko wote. Mwisho akasema, "Mvua ikikatika nakuja. Huyu shemeji yako aje anibebee kuku. Msitu naogopa bado, nisiwadanganye. Ova." Hiyo ova nilimsimulia shemeji tu, naye aliapa kuwa hakumfundisha, lakini shemeji naye mwongo wa siku nyingi.

Treni ilichelewa, kama treni. Nilimwona dirishani kabla haijasimama, kitambaa cheupe kichwani, matenga ya kuku yamemzunguka, anamkaripia mtu aliyekalia mguu wa meza yake. Alikuwa amekuja na meza. Nikainama kumsalimia, na tulisalimiana pale pale kwenye kokoto za reli mpaka behewa likaisha watu na wapagazi wakaenda zao. Sikumkatisha hata neno.

Nikampandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, meza nyuma, kuku pembeni, mke wangu amekaa naye wameshikana mikono. Tukapita Nsemulwa, nyumba zikaanza kuwa chache, halafu zikaisha, tukaingia kwenye miti. Nikawa namwibia mama jicho, maana hapo ndipo pa kuogopa, miti kushoto na kulia na barabara nyembamba katikati. Kwetu Shinyanga ukisimama mlangoni unaona mpaka kesho. Nilimwona anageuza shingo, huku, halafu huku, halafu nyuma.

"Baba," akaniita, maana mama kwetu humwita mwanae hivyo. "Hii miti yote ni ya nani?"

"Ni msitu tu, mama. Ilijiotea."

"Na haya matawi makavu yaliyolala hapo chini? Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayana mwenyewe."

Mama akayafuata matawi kwa macho. Huko alikotoka alikuwa akitembea asubuhi nzima kwa mzigo mmoja wa kuni, na mara nyingine akipikia mavi ya ng'ombe makavu. Akampiga mke wangu begani, kofi la nguvu kabisa.

"Na nyie mlikuwa mnaniambia habari za mvua! Simamisha hao ng'ombe."

Nikasimamisha. Akateremka mwenyewe, mama yangu, mtu mzima aliyetoka kwenye treni mchana huo huo, akafunga kanga kiunoni akaingia porini. Sisi tulibaki tumekaa tunasikia matawi yakivunjika, na yeye anacheka peke yake huko ndani.