Mzungu Aliyeagiza Chai Kwenye Kahawa

Enzi zetu, miaka ya hamsini, mizimu ilikuwa na adabu: kila mmoja alikaa kwake. Thika kulikuwa na yule wa maporomoko, aliyesemekana kuwavuta watoto miguu. Sisi wa Ruiru, upande wa Mugutha, tulikuwa na mzungu marehemu, mwenye shamba la kahawa, aliyekataa kwenda mbinguni kwa sababu, nadhani, huko hakuna vibarua wa kufokea. Alizurura kwenye mistari ya kahawa ya chini karibu na mto, na hakuna nyapara aliyethubutu kukanyaga huko.

Wasichojua manyapara ni kwamba mzimu huo ulitungwa na mama zetu. Watoto wachanga walikatazwa shambani, na Mama alikuwa na Kamau, mdogo wangu, ananyonya. Akimwacha nyumbani, mtoto atakufa njaa. Akipatikana naye, kazi imekwisha na chumba chetu katika laini za wafanyakazi tunanyang'anywa. Basi alimnyonyesha kwa mzungu, kule mistari ya chini.

Siku moja akaja nyapara mpya, mlokole. Akasema Yesu ameshinda mizimu yote, akashuka na kiboko chake akiimba. Mama alimbana Kamau kifuani. Kamau naye, bila haya, akaanza kulia.

Cucu, nyanya yangu mzaa Mama, alikuwa amejilaza karibu nasi chini ya mti wa kahawa. Meno hakuwa nayo, lakini alikuwa amepika miaka mingi kwa huyo mzungu alipokuwa hai. Akavuta pumzi, akanguruma:

"Boi! Wapi chai ya mimi? Leta sasa hivi, pumbavu!"

Ngai! Mtu wa Yesu alisimama wima, akavua kofia.

"Ndiyo, Bwana!"

Akatoka mbio. Tukadhani amehama Ruiru, kumbe alikwenda kuchemsha! Alirudi na birika la chai ya maziwa, akaliweka mwisho wa mstari huku amefumba macho. Cucu alionja, akalalamika sukari haitoshi.

Tangu hapo chai ililetwa kila asubuhi, Mama akainywa, na maziwa yake hayakukauka kamwe.

Siku hizi mistari ile ni maghorofa ya kupangisha, na wajukuu wangu wanaogopa kitu kimoja tu, simu kuzima. Kamau ni mzee wa kanisa mwenye kitambi, na kila Krismasi hutuhubiria kwamba mizimu haipo. Namwacha ahubiri. Lakini moyo unaniuma, maana Mama na Cucu wameshakwenda, na nimebaki peke yangu ninayemkumbuka mzungu aliyemlea Kamau.